Picha ya Gede

Katika mkebe wa biskuti wa mwalimu mmoja mstaafu wa Malindi imo picha nyeusi na nyeupe iliyopigwa Gede mwaka 1974. Watoto kumi na wawili wamejipanga wakimtazama mpiga picha. Watatu kati yao wameketi juu ya ukuta mfupi, miguu ikining'inia, na nyuma yao imesimama nguzo ya mawe. Mwalimu ndiye wa katikati. Kwa muda mrefu picha hiyo ilikuwa kwake ushahidi wa furaha: kaptura mpya, safari ya lori, embe za njiani, na mji usio na mtu ila kima na popo. Kila alipoitoa, aghalabu jioni, alisema kwamba siku zile Gede ilikuwa Gede kweli.

Kauli hiyo ina utata ambao mhakiki hawezi kuupita kimya. Gede aliyoijua yeye ilikuwa imekwisha kufyekwa na kupangwa kwa ajili ya mgeni. Mahali hapo palitangazwa kuwa ukumbusho wa kihistoria mwaka 1927. Kuanzia 1948 James Kirkman akaongoza uchimbuzi, na nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa humo: nyumba ya mkasi, nyumba ya kijisanduku cha pembe. Majina ya wenye nyumba hayakuwapo tena. Kwa hiyo alichokiona mtoto wa 1974, na anachokililia mzee wa leo, ni matini iliyokwisha kuhaririwa.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyatazama majumba ya Pate yaliyobomoka akayaona mauti yake mwenyewe. Magofu yale yanamhukumu mtazamaji. Picha ya watalii (na mwanafunzi wa ziara naye ni mtalii, ingawa kwao ni hatua chache kutoka hapo) haimhukumu mtu. Humruhusu kukaa katikati ya maangamizi na kutabasamu.

Julai 2024, habari ziliposomwa redioni kwamba UNESCO imeiingiza Gede katika orodha ya urithi wa dunia, mjukuu wake wa kike aliomba kuiona picha. Akaitazama sana. "Babu, hapa mmekalia nini?"

"Ukuta tu," alijibu. Kisha akavaa miwani.

Nguzo ile haikuwa ya nyumba. Ilikuwa nguzo ya kaburi, ya mtindo ambao pwani yote inaujua, na ule ukuta mfupi ndio uliolizunguka kaburi lenyewe. Bibi aliyemlea mwalimu hakupita Gede bila kushusha sauti. Akisema mna wenyewe. Asubuhi ya safari alimwonya asiketi popote. Onyo hilo mwalimu alilikumbuka miaka yote 50, hata akawa analisimulia darasani kama mfano wa adabu za wazee. Kuketi kwake hakukukumbuka, na ushahidi ulikuwa mkononi mwake kila jioni.

Baadaye wenzake wa zamani waliiomba picha ili wairudufu. Aliwapa, kwa sharti kwamba chini yake iandikwe kuwa wale watatu wamekalia kaburi. Mmoja wa waliokaa naye alikubali. Wa pili alishikilia kwamba ni ukuta tu.