Ukitaka kufika Loiyangalani, kagua kwanza mbavu za matairi

Wamo wengi katika miji yetu waliojaliwa kununua magari makubwa yanayosukumwa kwa magurudumu yote manne, ilhali magari hayo hayajapata kukanyaga jiwe. Siku za kazi ni lami kutoka nyumbani hadi afisini, na mwezi wa Desemba ni lami tena hadi Mombasa. Kisha siku moja, watoto wakiwa wamefunga shule, mmoja wa wazazi anatangaza mezani kwamba safari hii jamaa nzima itaenda Ziwa Turkana.

Iwapo nyumbani kwako kumepitishwa shauri kama hilo, makala haya yanakuhusu. Kabla hujauliza mahali pa kulala, inama kando ya gari lako uyatazame matairi. Injini ina nguvu zake na breki zina kazi yake, lakini kinachoshikana na ardhi ni mpira tu, tena kwa sehemu ndogo kama viganja viwili vya mtu mzima kwa kila tairi. Hapo ndipo wanawe mtu wanapokalia.

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Naam, shambani hayo ni kweli. Lakini huko kaskazini, asiyechagua tairi atalala njiani.

MACHO HUDANGANYA

Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, utaonyeshwa matairi ya aina tatu. La kwanza lina meno madogo yaliyobanana, nalo huandikwa H/T. Hilo ni la lami. La tatu lina meno makubwa yaliyoachana kama ya mamba, nalo huandikwa M/T. Hilo ni la matope. Katikati yao limo la A/T, ambalo limeundwa kwa ardhi za kila namna, na ndilo linalowafaa wengi wanaoishi mjini na kusafiri mashambani mara kwa mara.

Tatizo ni kwamba meno makubwa hupendeza macho. Muuzaji atakupigia tairi kofi na kusema, "Hili ni kali, mkubwa. Ukiweka hili hukwami popote." Huenda asiwe mwongo, maana katika udongo mweusi unaonata, meno yaliyoachana hujitapisha tope na kushika upya. Lakini tairi hilo hupiga kelele kwenye lami, hula mafuta zaidi, huisha upesi, na mvua ikinyesha barabarani halishiki vizuri kama wenzake. Nawe safari yako kwa sehemu kubwa ni ya lami.

Kwa hivyo usimwulize muuzaji lipi ni kali. Jiulize wewe mwenyewe utapita wapi. Hebu tuifuate njia hiyo pamoja, kipande kwa kipande.

LAMI HADI LAISAMIS

Zamani, Isiolo ndipo lami ilipokuwa ikikomea, na malori yaliyokwenda Moyale yaliandamana kwa misafara katika vumbi na mawe. Siku hizo zimepita. Lami hiyo ilikamilika hadi Moyale katika miaka ya 2010, na sasa utapita Archers Post, uuone mlima Ololokwe ukisimama kama meza kubwa kando ya njia, kisha Merille na hatimaye Laisamis, bila kuhisi mtikiso wowote.

Hapa adui ni mwendo pamoja na joto. Barabara imenyooka, gari limejaa mizigo, na jua ni kali. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, na kule kujikunja huzaa moto ndani ya mpira. Ndiyo sababu matairi mengi hupasuka juu ya lami nzuri wala si kwenye mashimo. Mlangoni mwa gari, upande wa dereva, mna kibandiko kinachoeleza upepo unaotakiwa gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Kifuate kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi.

CHANGARAWE HADI SARIMA

Laisamis unaiacha lami na kugeukia kushoto. Barabara hii ya changarawe, yenye urefu wa kilomita 208, ilitengenezwa upya ili kupitisha vyuma vya mitambo ya umeme wa upepo vilivyoletwa kutoka bandari ya Mombasa. Mitambo yenyewe, 365 kwa idadi, imesimama Sarima, na umeme wake ulianza kuingia katika gridi ya taifa mwaka 2018. Njiani utapita Illaut, na baadaye South Horr, bonde lenye kivuli na maji lililobanwa na milima.

Changarawe ina hila yake. Uso wa barabara hujikunja mawimbi madogomadogo, na gari likienda mbio huanza kuelea juu yake. Dereva aliyezoea lami hudhani mambo ni mazuri. Kumbe magurudumu hayajashika chochote, na kona ikitokea gari hupinduka. Hapa tairi la A/T huonyesha faida yake, kwa kuwa meno yake huuma kokoto na mpira wake haukatiki vipande kwa urahisi kama ule wa H/T. Wasafiri wazoefu hupunguza upepo kidogo, wakatoa pauni nne hivi, ili tairi limeze mitikiso. Lakini ukipunguza upepo, punguza na mwendo. Hayo mawili hayatenganishwi.

MAWE MEUSI

Baada ya Sarima ndipo mtihani wenyewe. Ardhi inakuwa nyeusi. Mawe ya volkeno, mengine kama ngumi na mengine kama kichwa cha ng'ombe, yametapakaa kila upande hadi ukutane na ziwa lile la rangi ya kijani likimetameta mbele yako. Teleki alipofika hapa mwaka 1888 alikuja kwa miguu pamoja na wapagazi wake. Akaliita ziwa kwa jina la mwana wa mfalme wa kwao, Rudolf, jina lililodumu hadi mwaka 1975 lilipobadilishwa kuwa Turkana.

Mawe haya hayajali meno ya tairi. Yanachotafuta ni ubavu. Gurudumu hupanda jiwe, likateleza, na ncha ya jiwe ikachana upande wa tairi, mahali palipo pembamba zaidi. Tundu la msumari kwenye meno huzibwa kwa dakika kumi. Ubavu uliochanika hauzibiki njiani, na hilo tairi limekwisha kazi.

Sasa fikiria, msomaji. Ni saa nane mchana. Upepo unavuma kwa nguvu, mtandao wa simu umepotea, na watoto wamemaliza chupa za maji walizopewa asubuhi. Umekwisha kutumia tairi la akiba, na la pili limechanika. Ziwa unaliona pale chini, lakini maji yake ni ya magadi. Hapo si suala la utalii tena.

Kwa sababu hiyo, nasisitiza kwamba tairi la safari hii huchaguliwa kwa ubavu wake. Tafuta lenye herufi LT kabla ya namba zake, kumaanisha kwamba limeundwa kubeba mizigo kama la gari dogo la uchukuzi. Uliza ubavu una tabaka ngapi. Yapo matairi ya A/T yenye tabaka tatu ubavuni, na yapo yenye sura kali juu lakini ubavu wake ni mlaini kama wa gari la mjini. Liminye kwa mikono ulinganishe na lingine.

Pia waangalie wenyeji. Land Cruiser zinazobeba watu na mizigo huko hazina matairi mapana ya kujionyesha. Nyingi huvaa yale marefu na membamba ya 7.50R16, yenye tabaka nyingi. Madereva wake huendesha polepole juu ya mawe, wakilipandisha gurudumu juu ya jiwe badala ya kulipitisha kando yake. Adabu hiyo haiuzwi dukani.

CHALBI NA MCHANGA WAKE

Ukishapumzika Loiyangalani, jina ambalo kwa Kisamburu maana yake ni mahali penye miti mingi, na ukishawatembelea wavuvi wa El Molo, unaweza kurudi kwa njia ya North Horr, Kalacha na Marsabit. Huko unapita Chalbi, tambarare ya chumvi ambayo zamani za kale ilikuwa ziwa.

Wakati wa kiangazi Chalbi ni sakafu. Pembezoni mwake mna mchanga, na hapo upepo wa tairi hupunguzwa sana, hadi pauni 18 hivi, ili tairi lijitandaze kama unyayo wa ngamia. Mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, na kona zikatwe taratibu, la sivyo tairi litachomoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye mawe au lami, rudisha upepo papo hapo. Kwa hivyo pampu inayotumia betri ya gari si anasa. Asiye nayo hana ruhusa ya kutoa upepo.

Mvua ikinyesha, Chalbi hugeuka tope la chumvi. Hakuna tairi litakalokuvusha. Wagabra wanaoishi huko husubiri pakauke. Nawe subiri, au zunguka, na usikose kuchukua mwenyeji akuongoze.

KABLA YA KULIPA

Tairi linasomwa kama cheti cha kuzaliwa. Chukua mfano wa 265/65R17 112S. Upana wake ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu yake ni ya inchi 17. Namba 112 maana yake ni kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Usinunue lenye uwezo wa chini kuliko lile gari lako lilitoka nalo kiwandani. Wala usikimbilie kipimo kikubwa kupita kiasi. Litasugua bodi kwenye kona, na saa ya mwendo itakuonyesha kasi ndogo kuliko ile unayokwenda.

Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani bila kutumiwa. Lililopita miaka sita likaguliwe kwa makini, na lililofika miaka kumi halifai kubeba mtu, hata meno yake yakiwa mapya. Jihadhari zaidi na mitumba iliyopakwa rangi nyeusi ikang'aa. Na ukiona alama ya mlima wenye kinyota cha theluji, usiilipie zaidi, maana huko uendako theluji hakuna.

Nunua matano ya aina moja na kipimo kimoja, wala si manne. La akiba likiwa dogo kuliko mengine, litaumiza gia za gari linaloendesha magurudumu yote. Kwa njia ya Turkana, beba la akiba la pili. Weka jeki pamoja na kipande cha ubao wa kuliwekea mchangani, spana inayofungua nati zako kwelikweli, vifaa vya kuziba pancha, na maji ya kuwatosha watu wote kwa siku mbili zaidi ya zile ulizopanga.

Mwisho, Jumamosi moja kabla ya safari, badilisha tairi hapo nyumbani uani, watoto wakitazama na kusaidia. Ikiwa nati zimekataa kufunguka, fundi yuko karibu. Safari njema, msomaji.