Pipa la maji ya kijani katika bonde la Ruzizi

Mashine ya kusaga ya familia moja katika bonde la Ruzizi, kaskazini mwa mji wa Uvira, ilinyamaza siku tatu kwa kukosa mazutu. Wamama walirudi nyumbani na muhogo wao mkavu kichwani. Kijana wa familia hiyo, aliyesomea kilimo, akamwambia mama yake nusu ya shamba ipandwe mbono, kwani mbegu zake hutoa mafuta ya kuendesha mashine.

Mama aliuliza neno moja tu: “Mwanangu, hiyo mashine itasaga nini?”

Kijana alikosa jibu. Na mama alisema kweli. Mbono ulisifiwa sana Afrika miaka ya 2000 kwamba unaota hata penye udongo mbaya. Kuota unaota, lakini huko huzaa mbegu chache. Ukitaka nyingi, uupe shamba zuri, lile lile la muhogo.

Ndipo akageukia miani, vile viumbe vidogo sana vinavyofanya maji ya dimbwi kuwa kijani. Miani haiombi shamba. Inaomba jua, maji, hewa ya kaboni na mbolea kidogo, na jamii nyingine huongezeka maradufu kwa siku moja. Kuna jamii ambazo zikikauka, robo ya uzito wake au zaidi ni mafuta. Mafuta hayo yakichanganywa na methanoli na soda kostiki, ile ya watengeneza sabuni, yanafaa kwa injini ya mazutu.

Akachukua pipa la mama la lita 200, akatia maji, samadi ya mbuzi iliyochujwa, na mtungi wa maji ya kijani kutoka dimbwini. Kila asubuhi alikoroga kwa mti. Baada ya majuma mawili pipa lilikuwa kijani kama sombe. Majirani walicheka.

Shida ilikuwa kuvuna. Miani hiyo ilipita katika kitambaa kama maji. Akaiacha itulie, akamwaga maji ya juu polepole, akaanika tope juu ya bati. Mzani wa duka la dawa ukaonyesha gramu 80. Hata kama robo yake ni mafuta, hizo ni gramu 20, kama kijiko kimoja na nusu cha chakula, na mashine inakula lita kadhaa kwa siku!

Hakuwa mvivu. Hata bwawa la wazi la wataalamu hubeba karibu nusu gramu ya miani mikavu kwa lita, na kuitenga na maji yote hayo hula umeme na pesa. Marekani ilianza utafiti huo mwaka 1978, ikaufunga 1996 kwa kuwa mafuta ya miani yalikuwa ghali kuliko yale ya ardhini. Kampuni ya ExxonMobil ilitangaza mwaka 2009 dola hadi milioni 600 kwa kazi hiyo, baadaye ikajiondoa.

Maji yaliyobaki yalimwagiwa lengalenga nyuma ya nyumba, ikastawi vizuri. Mama akachukua pipa lake kwa ajili ya mvua. Mazutu bado yananunuliwa kwa bidoni barabarani. Sasa kijana anachimba shimo la gesi ya samadi, na mama amekwisha kumwonyesha mahali: mbali na muhogo.