Umbo Lililomo Ndani ya Mpingo

Katika kumbukumbu za mwandishi huyu, aliyezoea tangu utotoni kupita kwenye vibanda vya wachongaji wa Mwenge, jijini Dar es Salaam, kinyago hakikuanzia kwenye tezo, yaani kishoka ambacho bapa lake limekingama na mpini, bali kilianzia kwenye macho ya mchongaji, ambaye aliligeuzageuza gogo kwa muda mrefu akitafuta umbo ambalo mti wenyewe ulikuwa umekwisha kulianza.

Desturi hiyo haikuwapo tangu awali. Wamakonde wa nyanda za juu za Mueda, nchini Msumbiji, walichonga mapiko, yaani barakoa za ngoma za jando na unyago, kwa miti myepesi inayofaa kuvaliwa kichwani, na umbo lake liliamuliwa na ngoma. Wengi wao walipovuka Mto Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na vinyago vyao vikapata wanunuzi mijini, waligeukia mpingo, mti mzito wenye kiini cheusi, ambao shina lake hupinda, huota vifundo na hupata mashimo. Kasoro hizo, ambazo seremala angezikataa, ndizo zilizomwongoza mchongaji. Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani katika miaka ya 1950, aliwapa viumbe wake viungo vilivyopotoka. Na mtindo wa mawingu, uliofuata baadaye, uliacha hata sura ya kiumbe, ukabakiza mikunjo na uwazi tu.

Badiliko la pili mwandishi amelishuhudia kwa majonzi. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, nao hutafutwa pia na watengenezaji wa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, kwa hiyo magogo makubwa yenye mipindo yamekuwa adimu, na mahali pake pameshikwa na vipande vidogo, vilivyonyooka, ambavyo wachongaji hutolea twiga na vifaru wanaofanana. Ustadi wa mikono haujapungua. Kilichopungua ni mti wenye neno la kumwambia mchongaji. Kwa sababu hiyo, anayepanda mche wa mpingo leo, ingawa huenda asiishi kuuona ukikomaa, anamwachia mchongaji ambaye hajazaliwa kitu cha kutazama kabla hajashika tezo.