Kikulacho ki Nguoni Mwako

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Enzi zao hapakuwa na tarakilishi wala flashi, lakini methali yao inaifaa flashi kuliko hata nguo. Kidude chenyewe hakizidi kidole gumba. Unakitia mfukoni, unakwenda nacho saiba kuchapisha barua, unamwazima jirani, kisha unakirudisha nyumbani na kukichomeka kwenye kipakatalishi, ambacho wengi wetu twakiita laptopu tu, bila kujua umebeba nini.

Watu wengi wakisikia mashini imeingiwa na virusi huingiwa na hofu kana kwamba ni pepo. La hasha! Kirusi cha tarakilishi ni programu, yaani amri zilizoandikwa na binadamu kama wewe na mimi. Jina lenyewe lilitolewa Marekani katika miaka ya 1980, wakati mwanafunzi Fred Cohen alipoonyesha programu inayojinakili ndani ya programu nyingine, na mwalimu wake, Leonard Adleman, akapendekeza iitwe virusi. Mwaka wa 1986, ndugu wawili wa mji wa Lahore huko Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitunga kirusi kilichoitwa Brain, wakaandika humo majina yao, anwani yao na hata nambari ya simu. Sasa niambie, ni pepo gani huacha nambari ya simu?

Nasema haya kwa kuwa yalitufika nyumbani kwetu Voi mwaka wa 2023, nilipokuwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22 wa sokoni. Kila mmoja hutoa shilingi 500 kwa wiki, nazo jumla yake ni shilingi 11,000. Daftari la zamani lilinyeshewa hadi wino ukachuruzika, basi hesabu zote zikahamishiwa kwenye flashi. Mkutano ulikuwa Jumapili. Alhamisi jioni Mama alirudi kutoka saiba, akaichomeka flashi, mara nikasikia akiniita.

"Wee mwanangu, hebu njoo uone! Vitu vyangu viko wapi?"

Nilikimbia. Badala ya folda zake zote, palikuwa na alama moja tu yenye kimshale kidogo pembeni. Mama alikuwa ameibofya. Dirisha jeusi likamulika na kutoweka, kisha kimya. Hakuna hesabu, hakuna majina, hakuna chochote. Mama alishika kichwa. Maskini, alijua vizuri maneno ya sokoni. Pesa zilikuwa salama benki, lakini bila orodha, nani angeamini kwamba fulani amelipa na fulani ana deni?

Ijumaa asubuhi tulimpelekea fundi mmoja karibu na steji. Hata hakukaa. Aliangalia mara moja akasema, "Mama, hapa virusi imekula kila kitu. Dawa ni kufomati mashini na flashi. Ni 1,500 tu, jioni unachukua ikiwa safi kabisa." Mama alikuwa ameshafungua pochi.

"Mama, hebu tungoje kidogo," nikamwambia. Nilibofya upande wa kulia wa kipanya juu ya alama ya flashi nikatazama sifa zake. Flashi yenyewe ni ya gigabaiti 8. Machoni haikuwa na kitu ila kimshale kimoja, lakini mashini ilisema gigabaiti 3 zimetumika. Nikajiuliza, ikiwa vitu vimeliwa, hizi gigabaiti 3 ni za nini? Gunia tupu haliwi zito. Tukamshukuru fundi, tukarudi nyumbani.

Kwa simu ya Mama nilimpigia mwalimu wetu wa tarakilishi, nikamwamkia na kumweleza mambo yote. Alicheka kidogo akasema, "Hicho ni kirusi cha mshale. Hakikufuta kitu, kimeficha tu. Mngefomati, mngemaliza wenyewe kazi ambayo kirusi hakikuifanya."

Alinifafanulia kinavyofanya kazi, nami nawapa ninyi kama nilivyopewa. Kirusi hiki hukaa ndani ya mashini kikingoja flashi. Ikichomekwa tu, huzipa folda zako alama mbili, ya kwamba zimefichwa na ya kwamba ni mali ya mfumo, ndipo zisionekane. Mahali pake huweka kimshale chenye sura ya folda. Ukikibofya, unakiamsha kirusi wewe mwenyewe kwa kidole chako. Zamani flashi nyingi ziliweza kuanzisha programu zenyewe mara tu zinapochomekwa, lakini mwaka wa 2011 kampuni ya Microsoft ilisambaza sasisho la kuufunga mlango huo hata katika Windows za zamani. Tangu hapo kidole cha mtu kimekuwa mlango mkubwa.

Flashi ya kaka yangu ya nyimbo za kwaya, iliyochomekwa Alhamisi ile ile, nayo ilikuwa imegeuka mishale mitupu. Kwa hivyo ugonjwa haukuwa kwenye flashi pekee, ulikuwa umejikita ndani ya laptopu. Kusafisha flashi kwanza kungekuwa sawa na kupiga deki huku mvua inanyesha ndani.

Basi tulianza na laptopu. Tulichomoa flashi zote. Nilipochungulia mipangilio niligundua kwamba kinga inayokuja na Windows ilikuwa imezimwa. Mashini ile ilinunuliwa ikiwa kuukuu, na aliyetuuzia alikuwa ameizima kinga ili aingize programu za wizi. Niliiwasha, nikaipa data ya simu ijisasishe, kisha nikachagua ukaguzi ule unaofanywa mashini ikijiwasha, kabla ya Windows yenyewe kuamka. Mwizi alikamatwa kitandani! Kinga ilipata faili mbili, ikaziondoa. Nikakagua tena mashini nzima, ikawa safi.

Ndipo nikairudisha flashi, nikaikagua nayo bila kubofya kitu, nikafungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika kama mwalimu alivyonitajia, herufi E ikiwa ni jina la flashi kwenye mashini yetu:

attrib -h -s /s /d E:\*.*

Nikabonyeza Enter. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, hata chai yake ilikuwa imepoa. Folda zikachomoza moja baada ya nyingine kama vifaranga watokao chini ya mbawa za mama yao. Nikafuta kimshale, tukafungua hesabu. Zote zilikuwamo, hadi ya wiki iliyopita. Mama hakusema kitu, alinishika bega tu.

Jumapili alisoma hesabu mbele ya wenzake, wiki baada ya wiki, jina kwa jina. Kumbe tangu Ijumaa kulikuwa na mnong'ono sokoni, eti ama mashini imekula ama mtu amekula. Siku hiyo mnong'ono ulikatika.

Wanachama wenzangu, nimejifunza kwamba hofu yaweza kuharibu kuliko kirusi. Flashi yako ikionyesha mshale, usiubofye, na usikubali kufomati kabla hujatazama kama nafasi imetumika. Ukubali tu ikiwa nakala zako ziko salama kwingine. Usafishe mashini kwanza, kisha flashi. Usizime kinga kwa ajili ya programu ya bure ya wizi, kwa maana cha bure hicho kina bei. Tena usivutwe na maneno matamu. Mwezi Mei mwaka wa 2000 kirusi kilichotoka Ufilipino kilienea duniani kwa barua pepe zilizosema "nakupenda" kwa Kiingereza, na watu wakafungua kwa furaha!

Kwa wale wanaodhani kutunga virusi ni ujanja wa kujivunia, wajue kwamba Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, na kuingilia mashini ya mtu bila idhini yake ni kosa la kukupeleka korokoroni.

Mwisho, weka nakala ya kazi zako mahali pawili au zaidi. Siku hizi hesabu za chama zimo kwenye flashi, kwenye laptopu, na nyingine imechapishwa na kufungiwa kabatini kwa Katibu. Akiba haiozi, waungwana, na tahadhari ni kabla ya athari.