Barafu ya Majuu Si ya Kuweka Kwenye Soda

Ukimtajia mtu wa Dar barafu, akili yake inakimbilia kwenye soda baridi au vile vibarafu vya ubuyu vya kwenye mfuko wa nailoni. Sasa mwenzangu, fikiria barafu iliyojaa bonde zima, kutoka mlima huu hadi ule, halafu inatembea! Ndiyo, inatembea. Kwa macho huioni, lakini inateremka pole pole kwa uzito wake yenyewe kama mto. Basi tuiite mto wa barafu, tuelewane.

Mimi nimeukanyaga kule Iceland, kisiwa cha kaskazini ambako sehemu kama moja kwa kumi ya nchi imefunikwa na barafu. (Nauli? Dada yangu anafanya kazi huko kwenye kiwanda cha samaki, yaishie hapo hapo.) Mto wenyewe unaitwa Sólheimajökull, mwendo wa saa kama mbili kwa gari kutoka mji mkuu, Reykjavik. Ukilitamka jina hilo bila kujiuma ulimi nakununulia chipsi mayai.

Pale huendi kichwa kichwa. Unalipia kiongozi, naye anakupa helmeti, mikanda ya kiunoni, kashoka, na vyuma vyenye meno marefu vya kufunga chini ya buti. Hivyo vyuma ndiyo roho yako. Halafu unafundishwa kutembea upya kama mtoto wa mwaka mmoja: tanua miguu, meno yasije yakanasa suruali ukaenda chali, piga chini kwa wayo mzima, ukiteremka kunja magoti. Dada akacheka: "Mdogo wangu, unatembea kama bata." Nikamjibu bora bata aliye hai.

Nilitegemea weupe wa kuumiza macho. Loh! Huko mbele kulikuwa kweusi kama kwa muuza mkaa. Kumbe ni majivu ya volkano. Mwaka 2010 mlima jirani, Eyjafjallajökull, ulilipuka hadi ndege zikasimama Ulaya. Juu kabisa unakotokea mto wetu, chini ya barafu kuna volkano nyingine, Katla, ambayo mara ya mwisho ililipuka kwa nguvu mwaka 1918. Habari hiyo dada alinipa tukiwa katikati ya barafu. Kabla ya kulipa alikaa kimya!

Majivu hayo yana maajabu yake. Yakiwa membamba yanavuta joto la jua na barafu inayeyuka haraka. Yakiwa mazito yanaifunika kama blanketi, barafu ya pembeni inaisha, ile ya chini yake inabaki imesimama. Unaona kichuguu cheusi, unadhani ni lundo la mchanga. Kiongozi anakwangua kwa shoka, ndani barafu tupu.

Tulikwenda kwa mstari mmoja, nyayo juu ya nyayo, maana kuna nyufa ambazo ukichungulia chini huoni mwisho. Kuna na mashimo ya mviringo ambayo maji yanayoyeyuka yanaingia kwa kishindo na kupotea. Hapo kiongozi alitushika mkono mmoja mmoja tuchungulie. Kuta za ndani zilikuwa za buluu, haki ya Mungu, buluu ambayo sijaona hata Zanzibar. Barafu ikikandamizwa miaka mingi hewa inatoka, halafu inameza rangi nyekundu ya mwanga na kutuachia buluu.

Tulipopumzika, kiongozi akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania, kwetu Marangu. Akachangamka: "Kumbe na nyinyi mna barafu!" Halafu akatuonyesha ziwa tulilolipita wakati wa kupanda, akasema pale palikuwa barafu. Wanafunzi wa shule moja ya mji wa Hvolsvöllur wanakuja kila mwaka kupima imerudi nyuma kiasi gani. Walianza mwaka 2010. Mahali walipoanzia sasa ni maji, wanahitaji boti.

Hapo ndipo moyo uliponiuma. Mimi nimesoma chini ya Kilimanjaro mpaka kidato cha nne. Mita 5,895 tulikariri hadi usingizini, lakini hakuna siku tuliyoambiwa hebu tazameni Kibo, mchore mnavyokiona, na wa mwaka kesho wachore chao. Bibi mzaa mama ndiye aliyekuwa akisimama uani asubuhi na kusema zamani ule weupe ulishuka chini zaidi. Tulidhani ni uzee tu, wazee kila kitu cha zamani kilikuwa kikubwa.

Bibi alisema kweli. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer na mwenzake walikata ngazi kwenye barafu kwa shoka ndipo wakafika kileleni. Leo wageni wa njia ya Marangu mara nyingi wanafika juu kwa kukanyaga vumbi na changarawe, barafu wanaipiga picha kwa pembeni. Wataalamu walipolinganisha mwaka 1912 na 2007 walikuta asilimia kama 85 ya barafu ya Kilimanjaro imekwisha. Wenzetu wa Iceland nao wana msiba: mto wao mmoja, Ok, ulitangazwa umekufa mwaka 2014, na mwaka 2019 wakaupandia watu na kuuwekea kibao, kama kaburi.

Nilimweleza kiongozi maneno ya bibi. Akaniuliza kama kuna mtu ameyaandika. Nikamtazama dada, dada akatazama buti zake.

Tuliteremka kwa ngazi alizokuwa amezichonga asubuhi, zimeshaanza kulainika. Tulipokuwa tunafungua vyuma, yeye alikuwa anawahesabu wageni wengine. Akachukua shoka lake, akapanda kuzichonga upya.