Tambarare Ina Mwenyewe

Mjukuu wangu, ninyi mliozikuta shule kila kilima mnadhani zilijiotea tu kama uyoga. Novemba 1974 Chama cha TANU kilikaa Musoma, Mwalimu Nyerere akiwa mwenyekiti, kikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani. Redio ikatangaza, na habari ikapanda milima hadi huku kwetu upande wa Ikinga, enzi hizo tukihesabiwa watu wa Mbeya, maana Mkoa wa Songwe ulikuja kuzaliwa 2016. Azimio lilitangulia, mbao na walimu wakiwa nyuma. Lakini cha kwanza kutafutwa kilikuwa kiwanja, na katika nchi ya miteremko kama hii, kiwanja ni adimu kuliko bati.

Mimi nilikuwa kijana mwenye mwandiko unaosomeka, basi nikabebeshwa daftari. Mwenyekiti wa kijiji alitangulia na panga, na mratibu elimu akafuata na kamba ya katani iliyopigwa mafundo ya kupimia. Tulianzia bondeni, penye udongo mzuri wa tofali na maji karibu, ila jembe lilipozama kidogo tu shimo likajaa maji, likatoa harufu ya majani yaliyooza. Mzee mmoja akatema mate pembeni, akasema, "Hapa mtasomesha vyura." Tukapanda mgongoni mwa kilima, huko upepo ungeezua paa kabla ya wiki kwisha, na kwenye vichaka tukakuta makaburi. Tukashuka bila kubishana. Mahali pa tatu palikuwa tambarare na pakavu, njia za vitongoji zikikutana hapo, mtoto wa darasa la kwanza asilazimike kuvuka mto hata masika. Kasoro ilikuwa moja: palikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mjane, nasi vijana tulimwita mama mkubwa. Alitupokea amesimama kati ya mashina yake 60 ya kahawa, yamechanua meupe, harufu yake tamu hadi inakaba koo. Mkubwa mmoja akamweleza kwamba ardhi ni mali ya umma, na Operesheni Vijiji, iliyowahamisha watu kwa nguvu, ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo wengi walijua maneno hayo huishia wapi. Mama mkubwa akajibu taratibu, "Ardhi ya umma, sawa. Na kahawa hii, umma uliipanda lini?" Akaahidiwa shilingi 5 kwa kila shina, yaani 300 kwa jumla, hazifikii hata kima cha chini cha mshahara wa mwezi mjini, kilichokuwa 380. Akacheka, meno yake machache yakaonekana, akauliza angezila hadi lini, ilhali mche wa kahawa huchukua kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa.

Mkutano wa kijiji ulijadili suala hilo hadi taa ya chemli ikaletwa. Mwishowe mama mkubwa akapewa shamba jingine, wanakijiji wakamchimbia mashimo na kumpa miche, na kila kaya ikakubali kumtolea mahindi mpaka kahawa izae. Nikaandika muhtasari, akatia dole gumba. Mipaka tukaipanda minyaa, tofali zikafyatuliwa, nyasi zikaezekwa. Mahindi ya mwaka wa kwanza yalitoka vizuri. Ya mwaka wa pili ilibidi mama mkubwa ayafuate mlango kwa mlango, na daftari langu ndilo lililomtetea.

Siku hizi mna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na sheria za ardhi za mwaka huo zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Maneno mazuri. Lakini sheria haihudhurii mkutano. Mnaohudhuria ni ninyi. Mkisikia eneo la shule limepatikana, msishangilie kabla ya kuuliza lilikuwa la nani, amepewa nini, na nani ameandika.