Gesi Haijaisha

Karatu, friji yoyote isiyogandisha inasemwa imeisha gesi. Mwenye bucha anasema hivyo, mama anayeuza soda anasema hivyo, na mafundi wengi nao wanaitikia, maana gesi ina bei nzuri na mteja hawezi kuiona ikiingia wala ikitoka. Mzee aliyenifundisha kazi alilipiga marufuku neno hilo karakanani kwake. Hukuruhusiwa kulitamka kabla hujapima umeme. Alikuwa amehudumia vyumba vya baridi Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na aliondoka huko na imani moja: mashine nyingi zinazohukumiwa kwa gesi zimeponzwa na waya, kapasita, rilei au umeme mdogo.

Kwa hiyo nilikaa muda mrefu bila kugusa geji. Nilipewa mita na rundo la kompresa zilizokufa. Kompresa ya friji ina pini tatu: moja ya pamoja, moja ya kuanzia, moja ya kuendeshea. Mara nyingi hazina maandishi, au yamefutika. Unapima omu kati ya pini mbili mbili. Zile mbili zinazotoa kipimo kikubwa kuliko zote, iliyobaki ndiyo ya pamoja. Kutoka hapo, upande wenye omu nyingi ni koili ya kuanzia, na wenye omu chache ni ya kuendeshea. Ukijumlisha hizo mbili ndogo unapata ile kubwa. Zisipolingana, koili ina kasoro. Halafu unapima pini na bodi. Hapo mita isionyeshe njia hata kidogo. Ikionyesha, umeme umevuja hadi kwenye chuma, na anayefungua friji hiyo pekupeku kwenye sakafu yenye maji yuko hatarini.

“Shikamoo mzee, hii nzima,” nilimwambia siku moja.

“Marahaba. Nani kakwambia?”

“Mita.”

“Basi iandike.”

Aliniandikisha kila kipimo kwenye daftari la shule, na kapasita hatukuzimaliza chaji kwa bisibisi kama wanavyofanya vijana wanaopenda cheche. Tuliziunganisha na balbu. Baadaye nilipokwenda VETA Moshi na mwalimu akaandika ubaoni kwamba volti ni ampea mara omu, wenzangu walikariri. Mimi nilikuwa naona zile kompresa.

Kazi yenyewe niliielewa Ngorongoro. Karatu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari; ukipita lango la Lodoare na kupanda hadi ukingo wa kreta unavuka mita 2,200, na usiku wa Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mgeni aliyelalamikia joto la Mto wa Mbu mchana, jioni ileile anaomba hita chumbani. Kwa fundi, mlima huo ni shule, kwa sababu unakutanisha kwenye ubao mmoja wa breka vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa: hita na kompresa.

Hita ni waya tu unaopinga umeme na kutoa joto. Ya wati 2,000 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 9. Volti zikishuka hadi 180, haipungui kidogo kidogo kama watu wanavyodhani. Nguvu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo inabaki na wati kama 1,200. Mgeni atasikia baridi na atanuna, lakini hita haitaungua. Kompresa ina mzigo wa kusukuma, nao haupungui. Mzee alisema ng'ombe wa jembe ukimnyima majani, shamba halifupiki. Volti zikipungua, mota inavuta ampea zaidi, inapata moto, na ikijaribu kuwaka upya katika hali hiyo inanguruma bila kuzunguka mpaka kinga ya joto iikate. Ikirudia hivyo usiku kucha, koili inaungua.

Kulikuwa na loji moja pale ukingoni ambayo kompresa ya chumba chake cha nyama ilikuwa inakufa kila msimu wa baridi. Mafundi waliotangulia waliongeza gesi. Nilifika mchana, nikapima, nikakuta volti 228, safi kabisa. Meneja akaanza kutafuta funguo za gari ili anirudishe. Nikamwomba nilale. Saa moja jioni wageni walirudi kutoka kreta, hita za vyumba na za maji zikawashwa karibu kwa pamoja, na mita yangu ikashuka hadi mia na themanini na kitu. Nilipoweka klampu kwenye fezi tatu, moja ilikuwa imeelemewa, nyingine mbili zikipumzika. Aliyefunga nyaya alikuwa amepeleka karibu vyumba vyote kwenye fezi iliyo rahisi kufikika, na chumba cha nyama kilikuwa kwenye hiyohiyo. Kuvuka kutoka jikoni hadi kwenye ubao kulihitaji askari mwenye tochi, maana nyati hulisha kwenye nyasi za loji usiku na hawana adabu kwa mafundi.

Tulichofanya kilikuwa kazi ya siku moja: kugawa vyumba kwenye fezi zote tatu, kuipa nyama laini yake, na kufunga kifaa kinachokata volti zikishuka na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Kusubiri huko kuna sababu. Kompresa ndogo ikizimwa, presha ya upande wa juu na wa chini inahitaji muda kulingana. Ukiiwasha papo hapo inasukuma ukuta. Gesi sikuigusa, na meneja alipoona ankara haina mstari wa gesi alidhani nimesahau.

Mlima una vituko vingine. Kijana niliyekuwa namfundisha alipopiga vakyumu kule juu aliona geji imekomea karibu inchi 23, akataka kuibadilisha pampu. Pampu ilikuwa nzima. Hewa ya huko ni nyepesi, na geji inapima kwa kulinganisha na hewa iliyoizunguka. Inchi 30 ni za watu wa pwani.

Siku hizi wenye loji wanaanza kuuliza kuhusu viyoyozi vinavyogeuza mzunguko na kupasha joto. Navipenda. Hita ya waya inatoa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya Luku. Hiki kinavuta joto lililoko nje na kuingiza ndani, na hali ikiwa nzuri kinaleta mara tatu. Tatizo ni ukungu wa ukingoni. Koili ya nje inashika barafu, na mashine hulazimika kugeuza mzunguko kwa muda ili iyeyuke. Alfajiri moja mlinzi alinigongea mlango.

“Fundi, amka! Ile mashine inatoa moshi.”

“Ni mvuke. Feni imesimama?”

“Imesimama.”

“Usizime. Kaa hapo uhesabu dakika, ikizidi kumi niite.”